Data Iliyopotea: Ufundi Wake na Fiqhi Yake



  

Ndugu zangu wanafunzi, somo la safari hii limetokana na maswali ninayoulizwa tangu mwaka jana, hapa chuoni Lilongwe na kule nyumbani Dzaleka. La kwanza ni hili: hadi diski ikifa, vilivyomo ndani vinaweza kurudi? Baada ya hilo huja mengine ambayo kwetu sisi tunaosoma sharia ni mazito zaidi. Fundi akishindwa, alipwe? Akiharibu zaidi, alipe? Na akiyaona yasiyomhusu je? Nitaanza na ufundi, kwani walimu wetu wa usuli wametuzoesha kwamba hukumu ya kitu hufuata kukielewa kitu chenyewe, na wengi tunaotoa fatwa za haraka kuhusu kompyuta hatujawahi kuiona hadi diski ikiwa imefunguliwa.

Wasomaji wasioijua Dzaleka waelewe kidogo. Ni kambi ya wakimbizi iliyoko wilaya ya Dowa, kilomita arobaini na ushei kutoka Lilongwe. Zamani palikuwa gereza. Mwaka 1994 pakafanywa kambi. Ilikusudiwa kuchukua watu kati ya 10,000 na 12,000, na leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wetu kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha sokoni na msikitini. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi wote waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini, na mwezi wa Mei operesheni ikaanza. Watu walirudi na walichoweza kubeba. Katika hali hiyo karatasi haidumu. Hulowa, huibwa, husahaulika nyumba iliyohamwa usiku.

Ndiyo maana ustadhi mmoja wa madrasa yetu alikuwa na hadi diski ya nje, ile tunayoiita eksteno, ya gigabaiti 500. Kwa miaka kadhaa familia zilimletea karatasi zao azipige picha kwa simu na kuzihifadhi humo: vyeti vya ndoa vya Uvira na Bukavu, vyeti vya shule, vya kuzaliwa, wasia, maandishi ya madeni. Humo pia zilikuwamo rekodi karibu mia tatu za darsa za shekhe wetu mmoja mzee, aliyekwisha kurehemiwa, akifasiri Safinatun-Najaa kwa Kiswahili cha kwetu. Nakala nyingine haikuwapo. Wiki moja umeme ulikuwa ukikatika na kurudi, kukatika na kurudi. Asubuhi ya Jumatatu diski ikachomekwa, ikawa inagonga: tik, tik, tik, kisha kimya.

Kuhusu umeme niseme neno. Januari 2022 kimbunga Ana kilibomoa sehemu ya bwawa la Kapichira katika mto Shire, na nchi ikapoteza megawati zipatazo 130 kwa mpigo mmoja. Tangu hapo hata mtoto wa darasa la nne anajua maana ya umeme kwenda na kurudi. Hata hivyo umeme kukatika peke yake si lazima uue hadi diski. Ndani yake mna sahani zinazozunguka, mara 5,400 kwa dakika katika diski ndogo nyingi, yaani mara 90 kila sekunde, na juu ya kila sahani kuna kichwa kidogo kinachosoma na kuandika bila kuigusa. Kinaelea juu ya hewa kwa umbali wa nanomita chache tu, ilhali unywele mmoja wa kichwani una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Umeme ukikatika, mzunguko wa sahani uliobakia hutumika kuzalisha umeme kidogo wa kukirudisha kichwa mahali pake pa kupumzikia. Nilipolisoma hili nilisema subhanallah peke yangu maktabani. Hatari iko kwingine. Umeme hurudi na nguvu kupita kiasi na kuunguza bodi, au hukatika mashine ikiwa katikati ya kuandika na kuacha orodha ya mafaili imevurugika. Au, na hili ndilo la kawaida zaidi, mtu anajikwaa gizani na diski inaanguka ikiwa bado inazunguka.

Kwa hiyo fundi anayejua kazi yake huuliza kwanza: kilichokufa ni nini? Faili likifutwa kwa bahati mbaya, diski yenyewe ni nzima. Mashine haijafuta maandishi. Imefuta mstari wake tu katika orodha, kama mtu aliyechana ukurasa wa yaliyomo na kuiacha milango yote ya kitabu. Maandishi yatakaa pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Shuruti hapo ni moja: usiandike chochote humo, hata hiyo programu ya kurejeshea isakinishe kwenye mashine nyingine. Programu za bure za TestDisk na PhotoRec, alizoziandika Christophe Grenier, zimewaokoa wengi. Lakini usilifanyie kiasi hili kwenye diski za kisasa zisizo na sahani, zile za SSD, wala kwenye simu. Nyingi kati yake husafisha zenyewe sehemu zilizofutwa, na pengine baada ya muda mfupi hapana tena cha kutafuta.

Bodi ikiungua, diski haizunguki wala haitoi sauti. Vijana wengi sokoni hununua diski nyingine ya aina ileile na kuhamisha bodi. Zamani hilo lilifanya kazi. Siku hizi kila bodi ina chipu yenye vipimo vya diski yake peke yake, na chipu hiyo isipohamishwa pamoja nayo, bodi ngeni haitaisoma sahani.

Na diski ikigonga, kichwa ndicho kinachougua. Hapo kila sekunde unayoiacha imewashwa ni kama kumkimbiza mgonjwa aliyevunjika mguu. Kichwa kilicholegea kinaweza kuikwaruza sahani, na palipokwaruzwa hapana data tena, pamegeuka vumbi. Zima. Usiijaribu kwenye laptopu ya rafiki, wala ya rafiki wa rafiki. Usiitikise. Wapo wanaoshauri iwekwe kwenye friji, na mimi nawaomba waache. Ikitoka kwenye baridi hushika umande, na umande na sahani haviivi chungu kimoja.

Watu husema: mbona jana ilikuwa inafanya kazi? Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kufuatilia hadi diski zaidi ya 100,000. Diski hujipima zenyewe na kuweka hesabu ya dalili za ugonjwa. Walikuta kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuonyesha hata moja katika zile dalili nne zenye nguvu. Lakini diski iliyopata kosa lake la kwanza la kusoma sehemu fulani ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko zisizo na kosa hilo. Kwa maneno mengine, ikionya uiamini, na ikinyamaza usiiamini.

Diski ya ustadhi niliipeleka Lilongwe mimi, ndani ya taulo, nimeipakata kwenye minibasi. Fundi wa kwanza, katika mji mkongwe, aliishika akasema, "Achimwene, lipeni nusu sasa, naifungua hapahapa." Palikuwa na vumbi la barabara mpaka kwenye kikombe chake cha chai. Chembe moja ya vumbi hilo ni mlima mbele ya kichwa kinachoelea nanomita chache. Nikamshukuru nikaondoka. Wa pili aliisikiliza kwa sekunde tatu, akaizima, akatuambia mambo mawili. Moja, kichwa hakijafa kabisa. Kinasoma kikipata nafuu. Pili, asingeifungua, kwa sababu kufungua kunataka chumba kisicho na vumbi, na maabara anazozijua yeye za kazi hiyo ziko Afrika Kusini kwa bei ambayo madrasa yetu isingeiweza. Angejaribu kuinakili kama ilivyo. Tununue diski mpya ya kupokelea, na asipopata kitu hatumlipi.

Kunakili kwenyewe kulifanywa kwa programu ya GNU ddrescue, ya bure pia, iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz, ndani ya Linux. Hekima yake ni kwamba haing'ang'anii palipoharibika. Huchukua kwanza yote yaliyo mepesi, huruka mabaya, kisha hurudi kwenye mabaya polepole. Na kila inachokisoma na inachokiruka hukiandika kwenye faili la ramani, kwa hiyo umeme ukikatika siku tatu, siku ya nne inaendelea ilipoachia, kama msomaji aliyeacha uzi kwenye msahafu. Awamu ya kwanza ilikuwa hivi:

ddrescue -n /dev/sdb nakala.img nakala.map

Na ya pili, ya kurudia mabaya mara tatu:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb nakala.img nakala.map

Anayetaka kujaribu aangalie kwanza diski yake mashine imeipa jina gani; hiyo sdb ni ya kwetu. Chanzo hutangulia, mpokeaji hufuata. Ukivigeuza unaandika juu ya kile ulichokuwa unakitafuta. Diski nzima ya ukubwa ule, kwenye USB ya zamani yenye kasi ya megabaiti 30 hivi kwa sekunde, ingemalizika kwa saa nne na nusu mpaka tano. Yetu ilichukua siku tisa. Baada ya hapo fundi hakuigusa tena diski ya asili. Kazi yote ya kutafuta mafaili ilifanywa kwenye nakala.

Sasa tuje kwetu. Mafaili mengi yalirudi na majina yake, kwa sababu sehemu kubwa ya orodha ilisomeka. Lakini rekodi zaidi ya sitini na picha nyingi zilirudi kwa njia ya PhotoRec, ambayo haisomi orodha. Inayatambua mafaili kwa umbo lake tu na kuyapa namba. Hapo ndipo mwanafunzi wa hadithi anapojikuta nyumbani: matini ipo, sanadi haipo. Ni nani anayesema, lini, baada ya somo gani?

Tunasoma habari za Abdullah bin Lahia, kadhi wa Misri aliyefariki mwaka 174 Hijria. Inasimuliwa kwamba vitabu vyake viliungua mwishoni mwa maisha yake, na baada ya hapo akawa anahadithia bila asili ya kurejea, akachanganya. Wapo wahakiki waliomdhoofisha tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini wengine walitenganisha: waliopokea kwake mapema, kama Abdullah bin al-Mubarak na Abdullah bin Wahb, riwaya zao wakazipa uzito zaidi. Angalieni usahihi wa kazi hiyo. Hawakusema kilichopotea hakikuwapo, wala hawakuruhusu kilichopotea kijazwe kwa dhana.

Sisi tulizipanga rekodi zile kwa msaada wa wanafunzi wa shekhe. Yeye alikuwa na ada ya kuanza kila darsa kwa kulikariri la jana, basi mkia wa moja ukawa kichwa cha nyingine, na karibu zote zikapata mahali pake. Darsa moja ya nguzo za Swala ilikuwa na pengo la dakika kumi na moja katikati. Kaka mmoja akapendekeza ustadhi asome sehemu hiyo kwa sauti yake tuunganishe, wasikilizaji wasikatikiwe. Tulikataa. Pameandikwa: hapa pamepotea dakika 11.

Lililokuwa gumu zaidi ni la cheti. Mama mmoja mjane alikuwa na picha ya cheti chake cha ndoa, na karatasi yenyewe haipo tena. Faili lilirudi nusu: juu majina ya mume na mke na tarehe vinasomeka, chini, penye mashahidi na muhuri, ni kijivu kitupu. Hivyo ndivyo picha zinavyokufa zikikosa sehemu. Alikuwa anakihitaji kwa ajili ya faili lake la kuunganishwa na watoto walioko nchi nyingine. Kijana mmoja hodari wa kompyuta akamwambia, "Mama, nitakumalizia. Muhuri nautoa kwenye cheti kingine, robo saa tu, hakuna atakayejua." Na ndoa ilikuwa ya kweli, sote tunaijua, watoto wake tumesoma nao. Msiharakishe kumlaumu kijana. Kilichomsukuma ni huruma. Lakini muhuri ule ungesema kwamba mtu fulani aliliona jambo lile na kulithibitisha kwenye karatasi ile, na hakuliona. Huo ni ushahidi wa uongo hata kama kinachoshuhudiwa ni kweli. Na ukigundulika, faili lote la mama lingeingia shaka, pamoja na yaliyo sahihi.

Tulichofanya ni kurudi kwenye asili ya ndoa yenyewe, ambayo husimama kwa mashahidi kabla ya karatasi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, imeamrisha deni liandikwe na pamoja na hayo liwekewe mashahidi. Maandishi hayakuondoa watu. Shahidi mmoja alipatikana kwa simu, yuko kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Maelezo yake yameandikwa na kutiwa saini, yameambatanishwa na picha ile ya nusu kama ilivyo, na barua inayoeleza jinsi ilivyopatikana. Jibu la faili bado linasubiriwa.

Na malipo ya fundi? Mkataba wa yule wa pili, wa kutolipwa asipopata, una jina katika vitabu vyetu: ni jiala, au juala. Dalili yake huchukuliwa kwenye kisa cha Nabii Yusuf (A.S.), aya ya 72, ambapo atakayeleta kopo la mfalme aliahidiwa shehena ya ngamia. Mashafii, Wamaliki na Wahanbali wameikubali. Wahanafi kwa asili hawaikubali, isipokuwa katika suala la kumrudisha mtumwa aliyetoroka. Katika ijara kazi lazima ijulikane; katika jiala kazi inaweza kuwa na giza, kwa sababu hakuna ajuaye itamchukua siku ngapi, lakini ujira lazima ujulikane, na hastahiki mpaka amalize. Hapo pana tanzi: kumaliza ni nini, data ikirudi nusu? Kilo ya mchele ikirudi nusu tunajua thamani yake. Diski ikirudi na sinema zote na kukosa cheti kimoja, mwenyewe hajapata kitu. Kwa hiyo semeni mapema mnatafuta nini hasa, na kiasi gani kwa kipi. Na ada ya kuitazama diski tu, kama fundi anaitoza, hiyo ni ijara mbali, isichanganywe.

Akiharibu je? Fundi anayepokea kazi za watu wote ni ajiri wa kushirikiwa. Wamaliki wanamdhaminisha, na Abu Yusuf na Muhammad wanamdhaminisha isipokuwa kwa janga lisiloepukika. Kauli yenye nguvu kwa Mashafii ni kwamba hadhamini ila kwa uzembe au kuvuka mipaka. Lakini anayefungua diski kwenye vumbi bila ujuzi, mimi naona haingii katika ikhtilafu hii kabisa. Yuko karibu zaidi na yule ambaye hadithi iliyomo kwa Abu Daud inamwajibisha, anayetibu watu na haijulikani kwake tiba.

Suala la ustadhi wetu ndilo lililoniuma. Baadhi ya familia zilianza kunong'ona kwamba alipe. Yeye alikuwa mwenye kuwekewa wadia, bila ujira, na mkono wake ni mkono wa amana: hadhamini asipozembea. Swali ni kama kuweka nakala moja tu ni uzembe. Vitabu vinasema kila kitu huhifadhiwa mahali ambapo kwa ada kitu kama hicho huhifadhiwa, na ada hubadilika. Kwa Dzaleka ya leo sioni kwamba ada imefika mahali pa kumtia hatiani mtu mwenye diski moja. Baada ya miaka kumi huenda nikasema vingine.

Limebaki la sitara. Mnajua aya ya 12 ya Suratul-Hujurat imekataza kupeleleza. PhotoRec haichagui. Inarudisha pia alivyofuta mtu miaka iliyopita, pengine alivyovifuta kwa toba. Tulikubaliana na fundi kwamba hatafungua picha yoyote. Angehesabu na kukabidhi, na wa kufungua ni ustadhi pamoja na mwenye karatasi. Kwa mkimbizi jambo hili linazidi haya ya kawaida, maana ndani ya karatasi zile mna majina ya ndugu waliobaki kijijini, na wapo waliokimbia kwa sababu ya majina hayohayo.

Kumbe diski ile ilinunuliwa mtumba Lilongwe. Miongoni mwa yaliyorudi zilikuwamo picha mia kadhaa za familia tusiyoijua: harusi, mtoto anayetambaa, mzee kitandani. Mwanafunzi mwenzangu anasema ni luqata, itangazwe mwaka. Mimi nasema kuzitangaza ndiko kuzifichua. Mwenyewe alizifuta kabla ya kuuza, na kufuta kwake ni dalili kwamba hataki zionwe. Yeye ananijibu: au alizifuta aliyeiiba. Tumelipeleka swali kwa mwalimu wetu, naye ameomba muda. Mpaka sasa folda hiyo imefungwa kwa nywila aliyonayo ustadhi peke yake. Nakala moja ya mengine yote iko madrasa, moja ninayo mimi hapa Lilongwe, na ya tatu tunatafuta bado nyumba ya kuiweka.